Jani Lisilo na Tundu

Bibi alikitoa kitabu kwenye kidaka cha chumba cha ndani, kimefungwa kwa leso iliyopauka, akakiweka juu ya mkeka baina yetu. Mjukuu wake alikuwa ameshanidokeza tulipokuwa tukikata vichochoro vya Mkomani, hapa Lamu: ni riwaya ya Kiswahili, ya zamani sana, na ndani yake mna sahihi ya mtu mkubwa.

"Keti hapa penye mwangaza, mwanangu," Bibi akasema. "Tizama jina."

Nikatizama. Jina lilikuwapo.

Liliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa herufi za Kirumi zilizolala kidogo, kwenye jani tupu la mwanzo. Ni jina la mtu aliyefariki kabla ya uhuru, na kila aliyeisoma historia ya pwani amelisikia. Sitalitaja hapa. Sababu itajulikana mbele.

Kisha mjukuu akanionyesha simu. Kuna mnunuzi Malindi, mkusanyaji wa vitu vya kale. Kitabu kikiwa hivi kilivyo, atatoa shilingi elfu nne. Kikiwa na barua ya mtu anayevijua vitabu vya zamani, inayothibitisha kwamba kilikuwa mali ya mtu yule, atatoa laki moja na nusu.

Huyo mtu anayevijua vitabu vya zamani, kwa maneno ya mjukuu, ni mimi.

Niliomba muda. Bibi akanikabidhi kitabu pamoja na leso yake, nikaenda nacho nyumbani, na kwa wiki kadhaa sikuweza kuanza barua wala kuikataa.

## Njaa ninayoijua

Simlaumu mnunuzi. Mimi mwenyewe nakusanya riwaya za Kiswahili za zamani, na najua moyo unavyoruka mtu anapofunua jalada akakuta jina. Kitabu cha chapa kina ndugu zake kwa mamia na maelfu, wote sura moja. Jina la mwenyewe ndilo linalokitoa kimoja katika kundi.

Na hiki cha Bibi kilistahili kutamaniwa hata bila jina. Ni Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka mara ya kwanza 1929. Mwaka uliofuata Johnson akawa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyosanifisha lugha yetu. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, ambacho wengi hukihesabu kuwa riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiswahili, kilikuwa bado hakijatoka, kilitoka 1934. Kwa hiyo wako babu zetu ambao riwaya ya kwanza kuishika mikononi ilikuwa hii, ya bahari na maharamia, na waliisoma wakiwa wenyewe ni watu wa bahari.

Husimuliwa kwamba William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, alikesha na hadithi hiyohiyo hadi akaimaliza. Vitabu vyake vipo hadi leo. Alipokuwa ameshafikia miaka ya themanini alivitoa nyumbani kwake Hawarden, kule Wales, vitabu kama 32,000, vingine akivisukuma mwenyewe kwa toroli, viwekwe mahali ambapo watu wengine watavisoma. Anayevifungua leo hakuti jina tu. Anakuta mistari ya penseli pembeni, mahali mzee yule alipokubali na mahali aliposita.

Kitabu cha namna hiyo nakielewa. Mwenyewe yumo ndani.

Kingine kiko Afrika Kusini, nacho si riwaya, ila siwezi kukiruka. Sonny Venkatrathnam, mfungwa wa Robben Island, alikifunika kitabu chake cha tamthilia za Shakespeare kwa kadi za Diwali zenye picha za miungu ya Kihindu, walinzi wakaamini ni msahafu wa dini yake. Kikazunguka kwa wafungwa zaidi ya thelathini, na kila mmoja akatia sahihi kando ya maneno aliyoyachagua. Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977, katika Julius Caesar, pale Kaizari anaposema kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao. Tamthilia hiyo ndiyo aliyoichapisha Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili mwaka 1963. Mmoja rais, mwingine mfungwa, miaka kumi na minne baina yao, na wote wawili wameinamia kurasa zilezile. Kila nikilifikiria hilo natamani ningekishika kitabu kile japo mara moja.

Basi ombi la mnunuzi halikunishangaza. Kilichonisumbua ni kwamba katika jani la Bibi palikuwa na jina tu. Hapakuwa na mstari, wala alama, wala neno lililochaguliwa.

## Karatasi tupu

Jina likipata bei, waongo nao hupata kazi. Philadelphia, katika karne ya 19, alikuwako muuza vitabu aitwaye Robert Spring aliyeishi kwa kughushi mwandiko wa George Washington. Karne iliyofuata akatokea Joseph Cosey, aliyemwandika Abraham Lincoln vizuri kiasi kwamba kazi zake ziliingia katika mikusanyo ya watu wa heshima. Hawa hawakuhitaji mengi: karatasi ya zamani, wino wa rangi inayofaa, na mkono uliozoea.

Na katika kitabu, karatasi ya zamani iko tayari. Jani tupu la mwanzo linamngoja yeyote mwenye kalamu.

Ndiyo maana namstahi Thomas Jefferson kwa namna alivyotia alama vitabu vyake. Wachapaji wa zamani walikuwa wakiweka herufi ndogo chini ya kurasa fulani ili mjalidi ajue mpango wa makaratasi. Jefferson alifunua mpaka kwenye karatasi yenye herufi I, ambayo katika mpango wao ilisimama pia mahali pa J, akaandika T mbele yake. Kisha akaenda kwenye karatasi yenye T, akaandika I baada yake. Jina lake likawa limejificha tumboni mwa kitabu, ambamo hakuna atakayefikiria kutazama. Mwaka 1815 aliiuzia serikali ya Marekani vitabu 6,487, vikawa msingi mpya wa maktaba ya bunge lao. Moto wa 1851 ukateketeza theluthi mbili. Herufi hizo ndogo ni miongoni mwa mambo yanayowawezesha wakutubi kusema: hiki kilikuwa chake.

Niliposoma habari hiyo niliacha kuikodolea macho sahihi. Nikaanza kukitazama kitabu.

## Njia ya mdudu

Ukurasa wenye jina la kitabu na mwaka wa chapa haupo. Mchwa wameula pamoja na kona ya jalada. Kwa hiyo huwezi kujua kama hii ni chapa ya 1929 au ya baadaye, na mlango wa kwanza wa ushahidi ulikuwa umefungwa.

Sahihi yenyewe ilinivuta upande wa Bibi. Jamaa yangu alinitumia picha za barua za mtu yule kutoka Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Niliziweka kando ya jani: mkunjo uleule wa herufi ya kwanza, mkia uleule wa mwisho. Nilianza kuamini. Nikawa natunga barua kichwani nikienda sokoni.

Alasiri moja, jua likiingia kwa upande dirishani, nilikinyanyua kitabu nikakifunua jani kwa jani mbele ya mwanga. Yako matundu madogo, ya upana wa sindano, ya yule mdudu anayekula vitabu. Mdudu huyu hajali hadithi inaanzia wapi. Akiingia kwenye jalada hunyoosha njia yake, akatoboa jani la kwanza, la pili, la kumi, mahali palepale, mpaka ashibe. Katika kitabu hiki matundu matatu yameanzia kwenye jalada, na ukurasa wa kwanza wa hadithi unayo, na ule wa pili, na kuendelea hadi karibu wa thelathini.

Jani lenye sahihi limekaa baina ya jalada na ukurasa wa kwanza.

Halina tundu hata moja.

Nililipima. Ni fupi kuliko mengine kwa upana wa ukucha. Nikachungulia penye mshono: halikushonwa, limebandikwa kwa gundi. Jani hili lilizaliwa katika kitabu kingine, likaletwa humu wakati mdudu ameshapita.

Katika hati nyingi za Kiarabu wanakili waliandika ukurasani "Ya Kabikaj", maneno ya kumwomba mlinzi awaepushe wadudu na karatasi zao. Naelewa hofu yao. Nimepoteza vitabu kwa mdudu huyuhuyu. Hapa, lakini, bila yeye nisingejua.

Sasa swali likawa gumu zaidi, si jepesi. Inawezekana kabisa sahihi ni ya kweli. Mtu yule aliandika jina lake kwa mkono wake kwenye jani hili. Ila hakuwa akiliandika katika riwaya hii.

Nilirudi Mkomani. Sikumwambia Bibi chochote kuhusu matundu. Nilimwomba tu anisimulie tena, kwa maneno yaleyale aliyoambiwa na marehemu mumewe.

"Alinambia babake alimwambia," akasema, akihesabu kwa vidole, "chuo hichi na jina hili vyalitoka nyumba moja."

Chuo, kwa wazee wetu, ni kitabu. Nyumba moja! Hakusema chuo kilikuwa cha mwenye jina. Hakuna aliyewahi kusema hivyo katika ukoo ule. Mume hakuongeza, Bibi hakupunguza. Neno lilinyooshwa lilipofika kwenye simu, ambako "nyumba moja" ni refu na "kitabu chake" ni fupi na lina bei.

## Sanadi

Sisi watu wa Lamu tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Mwanachuoni wetu akipewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha kitabu, hutajiwa sanadi: kitabu hiki nimekisoma kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa fulani. Nguvu ya elimu iko katika mnyororo huo, na pete moja ya uongo huuangusha wote.

Vitabu vyenyewe hufanya hivyo. Hati za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, zimepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na mtu anaweza kuzitazama kwenye intaneti akiwa kitandani mwake. Angalia kurasa za mwanzo. Kuna majina ya waliozimiliki, na kuna maneno ya wakfu, yanayokitoa kitabu katika mali ya mtu na kukiweka kwa ajili ya wasomaji. Majina yanafuatana. Aliyekuja baadaye hakumfuta wa kwanza.

Basi nilikaa nikatafuta majina mengine katika riwaya ya Bibi, ambayo mpaka hapo hakuna aliyeyataja, kwa kuwa hayana bei.

Nyuma ya kitabu kuna jina la mtoto, kwa penseli, na chini yake darasa la nne. Kwenye jalada la mwisho kuna hesabu ya duka: unga, mafuta ya taa, sukari, na nani anadaiwa. Hizo ni mbili.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kuanzia pale merikebu inapoandaliwa kwa safari, pembeni mwa kurasa kuna maneno kwa herufi za Kiarabu, madogo, safi, ya mtu aliyejua kuandika. Hadithi ikitaja mbele ya chombo, ameandika omo. Ikitaja nyuma, tezi. Penye kamba hakuridhika na kamba. Mahali pengine ameandika jarari, pengine amari, pengine demani, kila moja kwa kazi yake. Huyu alikuwa baharia, na nadhani alikuwa nahodha, kwa sababu pale kijana aliyeingia katika pipa la matufaha anaposikia mabaharia wakipanga uasi, ameandika sentensi nzima: "Mwenye chombo hakuwayua watu wake."

Nilicheka kwa furaha nilipoisoma, peke yangu, usiku. Ni hukumu ya haki. Tajiri yule aliajiri mabaharia asiowajua, na mtu wa Lamu, ambaye pengine aliwahi kuajiri mabaharia mwenyewe, hakuweza kulipita bila kusema.

Hakuandika jina lake popote. Ndiye aliyekisoma kitabu hiki kama Gladstone alivyosoma vyake, na barua aliyoiomba mnunuzi ingemfukia. Ningethibitisha kwamba kitabu ni cha mtu mkubwa, na kila atakayekifungua baada ya hapo angeyahesabu maneno yale kuwa ya mtu mkubwa. Omo na tezi zingekuwa zake. Hukumu juu ya mwenye chombo ingekuwa yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba siandiki.

## Mlango na karatasi

Lakini laki moja na nusu ni pesa. Boriti za chumba cha juu cha Bibi zimeoza, na fundi ameshasema gharama. Nilijiuliza ni haki gani ninayo ya kusimama baina ya mama mzee na paa lake kwa ajili ya baharia asiye na jina. Jibu sikulipata kwa urahisi, na hata sasa nikilipitia moyoni naona lina ukali ndani yake.

Kilichonisaidia ni kumfikiria Muhamadi Kijuma, aliyefariki katika miaka ya 1940. Alikuwa mchonga milango, mshairi, na mwandishi wa hati ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kuliko yote ya zama zake hapa. Aliwanakilia tenzi Wazungu kina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi hizo leo ziko London na Ujerumani. Zilitunzwa, na nashukuru zilitunzwa. Ila angalia zinavyoitwa. Katika maktaba ya SOAS, chuo cha London, kuna mkusanyo wa Hichens. Kuna karatasi za Taylor, mmisionari Mwingereza, zilizojaa tungo za Mombasa. Kule Ulaya kitabu hupanda thamani kwa jina la aliyekuwa nacho. Chetu kilipopanda meli kilichukua jina la aliyekibeba.

Na sheria yetu wenyewe haitusaidii sana. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Ikaja kueleza kitu cha kale ni kipi, ikasema ni kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa kitabu au hati. Kijuma alichonga kwa mkono mmoja na kuandika kwa mkono huohuo. Mlango umelindwa kwa jina. Karatasi imeachwa mlangoni.

Kitabu cha Bibi hakilindwi na mtu ila Bibi. Akikiuza ni haki yake, na nisingemzuia. Kilicho juu yangu ni kwamba kikitoka, kitoke na majina yake yote.

## Barua

Nikaandika barua. Haikuwa ile iliyoombwa.

Nilieleza jani la sahihi: kwamba mwandiko unafanana na wa barua zilizohifadhiwa Nairobi, kwamba jani limetoka kitabu kingine, na jinsi matundu yanavyoonyesha hivyo. Nikaeleza maneno ya ukoo kama yalivyo, "nyumba moja," na yalipitia kwa nani. Nikamtaja mtoto wa darasa la nne, na mwenye duka, na kwa kirefu kuliko wote nikamweleza baharia, pamoja na kurasa alizoandika. Nikampelekea Bibi kabla ya mnunuzi, nikamsomea kwa sauti.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi je?" akauliza. "Nimekiweka tangu naolewa. Nimekianika kila kaskazi. Sikuandika ndani, lakini kingekuwapo?"

Tukaongeza jina lake, kamili, na la mama yake. Mjukuu ndiye aliyeliandika.

Mnunuzi alijibu haraka. Kitabu hakitaki tena. Anataka jani peke yake, na kwa jani atatoa elfu sitini.

Nilimfikishia Bibi na sikutia neno langu. Elfu sitini ni nusu ya kazi ya paa. Alifikiri siku ile, akafikiri na ya pili, kisha akamtuma mjukuu aandike kwamba jani na chuo vilitoka nyumba moja na vitatoka nyumba moja, pamoja na barua, kwa elfu themanini, asipunguze. Mnunuzi amesema anatafakari. Huko ndiko mambo yalikofika ninapoandika haya.

Mimi nimeshapiga picha kila ukurasa, kwa idhini ya Bibi, ili kitabu kikiondoka maneno ya baharia yabaki Lamu. Nilikwenda na picha hizo Matondoni, kwa mzee mmoja fundi wa majahazi. Aliyasoma maneno moja baada ya jingine bila kusita, akinionyesha kila kitu kwenye chombo alichokuwa akikitia pamba. Neno moja limemshinda, pembeni mwa ukurasa ambapo merikebu inatia nanga. Herufi zake ziko wazi, yeye hajapata kulisikia. Alisema nijaribu Kizingitini, ambako manahodha wakongwe wangali wapo, na chombo cha huko nimeshakipata.